Kikao ni saa tatu, lakini saa tatu ya wapi?

Tuchukue ujumbe wa aina ile inayoingia kila mara katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa mipakani: kikao ni kesho saa 3:00, wote mnaombwa kuzingatia muda. Ujumbe ni mfupi, umetumwa mapema na hauna utata wowote, au ndivyo anavyodhani katibu aliyeutuma. Kesho yake mfanyabiashara wa mchele kutoka Ngara anafika ukumbini Rusumo saa tatu kasorobo asubuhi. Mwenzake wa Kirehe, upande wa Rwanda, anaingia saa tatu kamili, anatazama simu yake na kujipongeza. Kwa yule wa Ngara sasa ni saa nne, naye amekwishakaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima na robo. Wakala wa forodha, ambaye siku zote huandikiana na wateja wake kwa Kiingereza, ameisoma ile 3:00 kuwa ni ya alasiri. Atafika watu wakikunja viti.

Kati ya hao watatu hakuna aliyechelewa. Kila mmoja amefika kwa saa aliyoambiwa, na kila mmoja ana sababu ya kumlaumu mwenzake. Lawama za namna hiyo zikijirudia mara tatu au nne, kikao cha tano hakuna anayejisumbua kuwahi.

Mtu akisikia habari ya vikao kuchelewa kuanza, jambo la kwanza analolisema ni tabia. Tunaambiwa Waafrika hatujali muda, basi. Mwaka 2007 huko Ivory Coast walifika mahali wakaandaa shindano la kumtafuta mtu anayewahi kuliko wote, chini ya kaulimbiu kwamba mazoea ya kuchelewa yanaiua Afrika, na kampeni hiyo ikaungwa mkono na Rais wa wakati huo, Laurent Gbagbo. Mshindi, mshauri wa masuala ya sheria, alizawadiwa nyumba. Ni zawadi nono, lakini haikugusa kiini cha tatizo. Mtu mmoja akiwahi, kikao hakianzi. Kikao huanza pale watu wa kutosha wanapowahi pamoja, na katika mipaka ya nchi zetu jambo hilo lina vikwazo ambavyo havihusiani kabisa na tabia ya mtu.

Saa mbili katika daraja moja

Tanzania inapakana na nchi nane, ukihesabu na zile inazogawana nazo maziwa. Kenya na Uganda zinatumia saa moja na Tanzania. Zilizobaki sita, yaani Rwanda, Burundi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji, ziko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo mfanyabiashara Mtanzania anayevuka Rusumo, Kabanga, Tunduma au Kasumulu anabadili saa kila anapobadili nchi, iwe ameliwaza hilo au hakuliwaza.

Uganda nayo iko njia panda. Kati ya majirani zake watano, watatu wana saa tofauti na yake: Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Sudan Kusini ilijiunga na kundi hilo Februari 1, 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kabla ya siku hiyo Elegu na Nimule walikuwa wakisoma saa ileile. Kongo yenyewe ina saa mbili ndani ya nchi moja. Saa nne asubuhi ya Kampala ni saa tatu huko Kasindi, na ni saa mbili mjini Kinshasa. Tangu Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2022, ofisa wa Arusha anayetaka kuzungumza na mwenzake wa Kinshasa kwa mtandao anapaswa kukumbuka kwamba wametengana kwa saa mbili nzima.

Mkenya ndiye mwenye nafuu. Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zote zinasoma saa moja na Nairobi, na ni Sudan Kusini pekee iliyo tofauti. Huenda ndiyo sababu katibu wa kikao akiwa Mkenya husahau kabisa kuandika ni saa ya nchi gani. Hajawahi kuhitaji kufanya hivyo.

Jua halisaidii kumaliza ubishi huu. Kigoma iko karibu kabisa na mstari mmoja wa kaskazini na kusini na Bujumbura, na jua huwachomozea kwa pamoja, lakini saa ya Kigoma inafuata Dar es Salaam, ambako jua hutangulia kwa karibu dakika 40. Mkazi wa Kigoma akiambiwa aje saa 12:30 asubuhi anaamka gizani. Jirani yake wa Burundi, kwa mwanga uleule, anasoma saa 11:30. Ni vigumu kumwambia mmoja kati yao kwamba ndiye aliyekosea.

Simu, ambayo wengi wanaitegemea, nayo ni sehemu ya tatizo. Simu nyingi zimewekwa zichukue saa kutoka kwenye mtandao wa mawasiliano. Ukiwa Rusumo au Tunduma na simu ikadaka mnara wa upande wa pili, saa inarudi nyuma bila kukuuliza. Mtu analala akiwa ametega kengele ya saa 12 asubuhi, usiku simu inahama nchi, na kengele inalia wakati basi limeshaondoka. Dawa yake ni nyepesi: katika mipangilio ya simu kuna sehemu ya tarehe na saa, na hapo unaweza kuzima ule utaratibu wa kujirekebisha wenyewe na kuchagua mji mmoja. Dereva wa lori anayepita mipaka mitatu kwa wiki angefaa kuwa na saa ya mkononi ambayo haiguswi kamwe.

Tunahesabu tangu alfajiri, wao tangu usiku wa manane

Kuna habari njema katika hili. Hesabu ya Kiswahili, inayoanza siku na kuchomoza kwa jua, haiko peke yake katika ukanda huu. Msemaji wa Kinyarwanda, wa Kirundi na wa Luganda naye akisema saa tatu asubuhi anamaanisha saa tatu hiyohiyo. Hata Moyale, ambako Kiswahili na Kiamhari havina undugu wa karibu, Mkenya na Mhabeshi wanakutana kwenye hesabu ya saa, kwa kuwa Ethiopia nako siku huanza kuhesabiwa alfajiri. Kwa mdomo, basi, tunaelewana.

Tatizo linaanza pale maneno yanapogeuka tarakimu. Aliyesoma kwa Kifaransa, awe wa Bujumbura au Bukavu, akiandika 9h00 anamaanisha asubuhi, saa tatu kwa Kiswahili. Mtanzania akiandika saa 9:00 anamaanisha alasiri. Mkenya anaweza kuandika vyote viwili kwa siku moja, kulingana na lugha aliyokuwa akiifikiria. Na Nakonde, upande wa Zambia, wengi hutaja muda kwa mtindo wa saa 24. Akikwambia mkutane saa 14, huyo anamaanisha saa nane mchana kwake, ambayo ni saa tisa alasiri kwako wewe wa Tunduma. Hapo inabidi ufanye hesabu mbili kichwani kabla ya kujibu sawa.

Usiku ndio wenye hasara kubwa zaidi. Mzigo unaoondoka Jumanne saa nane usiku unaondoka lini? Kwa ofisi inayohesabu tarehe kuanzia saa sita ya usiku, huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa mwenye mzigo, ambaye Jumanne kwake ni siku aliyoamka nayo, akala na akafanya kazi, saa nane usiku wa Jumanne ni ile itakayokuja baada ya jua la Jumanne kuzama. Tofauti ni saa 24. Nyanya hazisubiri saa 24. Magazeti ya Kiswahili yamezoea kuandika usiku wa kuamkia siku fulani, na wafanyabiashara hawatapoteza kitu wakiazima msemo huo katika kila ujumbe wao.

Gharama ya viti vitupu

Watu 40 wakisubiri saa moja na nusu, zimepotea saa 60. Hizo ni zaidi ya siku saba za kazi za mtu mmoja, zimeisha kabla hata sala ya kufungua kikao haijasomwa. Kwa ofisa mwenye mshahara hasara hiyo haionekani, maana mwisho wa mwezi malipo ni yaleyale. Kwa mwanamke anayevusha vitenge na dagaa, mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaomwezesha kutumia cheti rahisi cha uasilia, muda ni mtaji. Hana mtu wa kumwachia meza. Akiwa kikaoni, biashara imefungwa. Kikao kikichelewa hadi mchana, amekosa wateja wa asubuhi ambao ndio wanunuzi wa jumla, na akichelewa zaidi anaweza kukuta kivuko anachokitumia kimeshafungwa, kwa maana si vivuko vyote vinavyofanya kazi saa 24 kama Namanga, Busia au Rusumo.

Ndiyo maana baada ya muda anaacha kuja. Na kikao cha mpakani kisicho na wafanyabiashara wadogo kinabaki cha maofisa na mawakala wakubwa, wanaojadili foleni ambazo wao hawakai. Malalamiko ya kuzungushwa na karatasi, ya mizani isiyoaminika, ya mzigo kushikiliwa na watu wa viwango wakati wa afya ya mimea wameshauruhusu, hayafiki mezani. Yanaishia kwenye vijiwe vya bodaboda.

Kumsubiri mkubwa

Tuseme sasa lile ambalo kila mtu analijua na wachache wanalisema. Vikao vingi havisubiri wanachama. Vinamsubiri mgeni rasmi. Wanachama wanaitwa saa mbili ili ukumbi uwe umejaa, mgeni rasmi anaambiwa saa nne, msaidizi wake anaongeza nusu saa ya tahadhari, naye anafika saa tano akiwa na haraka, anasoma hotuba, anapigwa picha na kuondoka kabla ya ajenda ya pili. Katika mpango huo wanachama waliitwa mapema kwa makusudi. Wakilijua hilo, na hulijua haraka, nao wanaanza kuongeza saa zao mbili.

Hata ngazi ya juu kabisa ya jumuiya yetu imeonja uchungu wa kusubiri. Novemba 30, 2018 marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walikuwa tayari wamefika Arusha kwa mkutano wa wakuu wa nchi. Burundi haikutuma mwakilishi, na kwa kuwa utaratibu wa jumuiya unataka nchi zote wanachama ziwepo, mkutano haukuweza kufanyika. Ulifanyika Februari 1, 2019. Lile lilikuwa suala la siasa na hakuna aliyepitiwa na usingizi. Lakini limeacha fundisho kwa vyama vidogo vinavyoandika katiba zao: ukiweka sharti kwamba kila upande lazima uwepo ndipo kikao kianze, umempa kila upande uwezo wa kukizuia. Akidi ya nusu ya wanachama, pamoja na angalau wawili kutoka kila nchi, inatosha kwa chama cha soko. Maamuzi makubwa kama ya fedha na uchaguzi yanaweza kuwekewa akidi ya juu zaidi, lakini majadiliano yaanze na waliopo.

Posho nayo ina neno lake. Pale ambapo nauli na posho hutolewa mwisho wa kikao kwa kila aliyesaini daftari, aliyefika saa tatu na aliyefika saa saba wanapokea kiasi kilekile. Hakuna haja ya mtaalamu kueleza matokeo yake. Daftari likifungwa nusu saa baada ya muda wa kuanza, foleni ya kusaini itahamia asubuhi.

Sanduku lenye funguo tatu

Ajabu ni kwamba wafanyabiashara walewale wanaochelewa kwenye vikao vya mpaka huwahi kwenye vikao vyao wenyewe vya kuweka na kukopa. Kikoba kwa Mtanzania, chama kwa Mkenya, ikimina kwa Mnyarwanda, likelemba kwa Mkongomani: majina tofauti, lakini saa ikifika watu wameketi. Vikundi vingi vya aina hii vinafuata mtindo uliosambazwa na shirika la CARE, lililouanzisha Niger mwaka 1991, ambapo fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu na kila ufunguo unashikwa na mwanachama tofauti. Mmoja wa hao watatu akichelewa, sanduku halifunguki, na aliyekuja kuchukua mkopo wa kulipia mzigo anaondoka mikono mitupu. Kuchelewa kwako kunaonekana machoni pa watu, na kuna jina lako.

Tena vikao hivyo ni vifupi, hukaa siku ileile ya wiki na mahali palepale, na huanza na jambo lililowaleta watu, yaani fedha. Kikao cha mpakani huanza na utambulisho, salamu za viongozi na kusoma muhtasari uliopita ukurasa kwa ukurasa. Mtu mwenye akili anajua kwamba akikosa saa ya kwanza hajakosa kitu. Katibu anayetaka watu wawahi aweke juu kabisa ya ajenda lile linalowauma: ada mpya ya maegesho, ratiba ya ukaguzi, mgawanyo wa vizimba. Salamu za viongozi zinaweza kusubiri hadi mwisho, na kwa kweli mwishoni ndipo zinapokaa vizuri.

Vikoba pia hutoza faini kwa wachelewaji, na wengi hudhani hiyo ndiyo siri. Hapo pana tahadhari. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanyika katika vituo kumi vya kulea watoto mjini Haifa, Israel. Vituo sita viliweka faini kwa wazazi waliochelewa kuwachukua watoto zaidi ya dakika kumi. Waliochelewa wakaongezeka badala ya kupungua, na hata faini ilipoondolewa hawakurudi katika hali ya kwanza. Mzazi ambaye zamani aliona haya kumchelewesha mwalimu sasa aliona amelipia huduma. Haya ilikuwa na nguvu kuliko shekeli kumi.

Kikobani faini hufanya kazi kwa kuwa haya haijaondoka. Mchelewaji anasimama mbele ya majirani zake, anatoa sarafu, inadondoka kwenye bakuli kila mtu akisikia. Kamati ya pamoja ya mpaka ikiiga faini bila kuiga ile bakuli, yaani ikaikata kimyakimya kwenye posho, itakuwa imewauzia watu ruhusa ya kuchelewa. Na kwa bei poa.

Dirisha la saa tatu

Bado kuna swali la saa gani kikao kiitishwe ili pande zote mbili ziweze kufika. Kwa mpaka wa Tanzania na Rwanda jibu linapatikana kwa kalamu na karatasi. Ofisi za serikali Tanzania hufanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Rwanda, tangu Januari 2023, saa rasmi za ofisi za umma ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za Kigali, ambazo ni saa nne hadi saa kumi na mbili kwa saa za Tanzania. Muda ambao pande zote ziko kazini ni kuanzia saa nne hadi 9:30. Sasa kila upande ukienda kula saa saba yake, Mtanzania anatoka saa saba na kurudi saa nane, na wakati huohuo mwenzake ndiyo kwanza anatoka. Zimepotea saa mbili kwa ajili ya chakula cha saa moja. Kinachobaki ni saa nne hadi saa saba, na vipande vya mwisho visivyotosha hata chai.

Saa tatu za majadiliano, kwa hiyo, na si zaidi. Anayeitisha kikao cha maofisa wa pande hizo mbili saa mbili asubuhi kwa saa za Tanzania anawaita Wanyarwanda saa moja, kabla ofisi zao hazijafunguliwa. Anayekiitisha saa nane mchana anapata Watanzania wanaotazama mlango. Saa nne ya Tanzania, yaani saa tatu ya Rwanda, kwa kikao cha saa mbili na nusu, ndiyo saa inayokaa vizuri, na kwa Kabanga na Kobero hesabu ya saa ni ileile kwa sababu Burundi inasoma saa moja na Rwanda.

Siku nazo zina wenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda ni ya Umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa na magari hayatembei, hivyo mwalikwa wa Kirehe hawezi kufika hata akitaka. Ijumaa mchana ina swala, na kikao kilichopangwa kwisha saa saba kikichelewa kuanza kitawapoteza Waislamu katikati ya ajenda muhimu. Jumamosi nzima haiwafai Wasabato, ambao si wachache katika maeneo ya Ziwa. Siku ya gulio haifai kwa yeyote.

Ujumbe wa kuitisha kikao, basi, unahitaji mstari mmoja zaidi ya ule uliozoeleka. Jumatano asubuhi, saa nne ya Tanzania, saa tatu ya Rwanda, tunamaliza saa sita na nusu ya Tanzania, daftari la mahudhurio linafungwa saa nne na nusu. Saa ziandikwe kwa maneno, jina la nchi litajwe, na asubuhi iitwe asubuhi. Kisha, kabla ya kuutuma, katibu ampigie mtu mmoja wa ng'ambo, amsomee, na amwulize swali moja tu: kesho utatoka nyumbani saa ngapi?